Koleo na Paipu ya Esansi: Gereji za Butembo na Beni

Mazoea ya mafundi wa Butembo na Beni kutengeneza gari kwa koleo na bisibisi yalizaliwa na historia, si uzembe. Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, aliamuru biashara za wageni wapewe Wazairi. Uchumi ukayumba, vipuri vikaadimika, barabara zikaoza. Wafanyabiashara Wanande, wenyeji wa miji hii, walijitegemea, na fundi naye hivyo hivyo. Tena gari la enzi zile lilimruhusu: kabureta, mpira wa esansi, kibano cha skrubu, na msukumo usiofika nusu ya bar.

Gari ndilo lililobadilika. Toyota zilizotumika, zishushwazo Mombasa na kuvuka mpaka wa Kasindi, nyingi zina injekta, na mafuta husukumwa kwa bar 3 hivi, hivyo paipu hufungwa kwa nati, si kwa kibano. Koleo huzungusha nati ya paipu hadi kona zake zikalika. Spana ya kawaida ya mdomo wazi hushika kona mbili tu, ilhali spana ya paipu huikumbatia nati karibu yote. Wapo wanaosema fundi hodari hahitaji kifaa maalumu, na kwamba mteja hakilipii. Hoja ya pesa ina uzito. Lakini esansi ya chupa za barabarani, pamoja na vumbi letu, huziba chujio mapema, kwa hiyo nati ileile hufunguliwa mara nyingi, na ikishaharibika mteja hununua paipu nzima, kama esansi haijavujia kwanza injini ya moto. Mwenye gereji, nunua spana ya paipu kabla ya kupaka rangi kibao chako.