Dawa za akili na ukuta wa ubongo

Hapa kwetu Pwani nimeona vijana wakitulizwa na dawa za saikosisi, kisha wakiziacha kwa sababu shingo inakakamaa na mikono inatetemeka. Jamaa husema, "Dawa imemzidi." Mara nyingi wana hoja.

Mishipa midogo ya damu kwenye ubongo ina seli zilizobanana kama ukuta. Molekuli ndogo inayoyeyuka kwenye mafuta hupenya, nyingi nyingine hubaki nje. Domperidoni huzuia dopamini kama dawa za saikosisi, lakini hupenya kidogo mno, ndiyo maana hutumika kutibu kichefuchefu. Risperidoni huingia, ila ukutani kuna protini inayofanya kazi kama pampu na kurudisha sehemu yake kwenye damu.

Klopromazini ilianza kutibu wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958 kutoka maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji. Kwa dawa nyingi za aina hii, nafuu huja zikiziba takriban asilimia 65 hadi 80 ya vipokezi vya dopamini. Zikizidi hapo, mwili hukakamaa. Na kwa kuwa dawa huzunguka mwili mzima, baadhi huongeza uzito na sukari.

Ndiyo sababu watafiti wanajaribu kuzibadilisha. Wapo wanaoifunga dawa kwenye kirutubisho ambacho ubongo hukivuta wenyewe, wapo wanaoibeba ndani ya chembe ndogo mno, na wapo wanaoipitishia puani. Lengo ni dozi ndogo ifike panapohitajika na mwili upumue. Kazi nyingi bado iko maabara.

Badiliko moja tunalo tayari. Flufenazini huunganishwa na asidi ya mafuta, ikayeyushwa katika mafuta ya simsim na kudungwa kwenye msuli. Hutoka polepole kwa wiki mbili hadi nne. Haibadilishi ukuta wa ubongo, lakini humwokoa anayesahau vidonge.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, mgonjwa wako akikakamaa usimfiche wala usimwachishe dawa. Mrudishe kwa daktari, uombe dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Anayetaka kumsomea dua na amsomee, kwani dua haigombani na dawa. Ila tusimwite mkaidi mtu anayelalamikia mwili wake mwenyewe.