Minyoo Wenye Saa Yao

Mvuvi wa Munje hahitaji kufundishwa kwamba viumbe wana saa zao. Anajua bamvua na maji mafu, anajua samaki wa mchana na wa usiku. Ila yupo kiumbe mwingine wa pwani hii ya Msambweni anayefuata saa, na huyo ndiye aliyewafanya watafiti waliofika Kwale wafanye kazi watu wengine wakiwa wamelala. Ni mnyoo wa matende na busha.

Mnyoo mzima hukaa katika mishipa ya limfu. Jike huzaa vitoto visivyoonekana kwa macho, ambavyo mchana hujificha katika mishipa ya damu ya mapafu. Giza likiingia vinatoka na kuja karibu na ngozi, na kati ya saa nne na saa nane usiku ndipo vinapojaa. Mtoboe mgonjwa kidole adhuhuri, huenda usione kitu. Mbu anayevibeba huuma usiku, navyo vinamngoja.

Siri hiyo ilifichuliwa mbali na hapa, katika bandari ya Amoy nchini China. Mwaka 1877 daktari Mskochi Patrick Manson aliwaacha mbu wamuume usiku mtumishi wake Hin Lo, aliyekuwa na minyoo hao, kisha akawapasua mbu mmoja mmoja na kuwafuatilia minyoo wakikua ndani yao. Baadaye akaweka wasaidizi wa kupima damu kwa zamu, usiku na mchana. Inasimuliwa kwamba habari zilipofika London, wakubwa walicheka na kuuliza kama minyoo hao wana saa mfukoni. Manson naye alikosea jambo moja: alidhani mbu hufia majini na mtu hunywa ugonjwa. Ilikuwa 1900 George Carmichael Low alipoonyesha kwamba minyoo hutokea mdomoni mwa mbu anapouma.

Katika Mkoa wa Pwani, mtafiti D.J.B. Wijers alichapisha mwaka 1977 uchunguzi wake kuhusu ugonjwa huu kwa wanaume watu wazima. Mwaka 1994 wakafuata Benson Estambale, Paul Simonsen na wenzao, safari hii katika Wilaya ya Kwale yenyewe. Kazi ya namna hii haina mkato: ni kungoja usiku uingie, kuwasha taa, kutoboa kidole, kupaka damu kwenye kioo. Tone bichi likiwekwa chini ya hadubini, vitoto vya mnyoo huonekana vikijipinda na kuzisukuma chembe za damu huku na huku.

Sijui onyesho la sayansi linaloshinda hilo. Pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi, wengine wakataja uchawi. (Madafu yameonewa vya kutosha.) Mtu mwenye imani hiyo hotuba haimfai kitu. Mpe dakika moja kwenye hadubini.

Ajabu ni kwamba Msambweni ilijulikana zaidi kwa ugonjwa wenye saa za kinyume. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mradi wa Msambweni ulianza katika miaka ya 1980, ukitibu watoto wa shule na kulinganisha dawa za metrifoneti na prazikwanteli. Matokeo yake yaliandikwa na Eric Muchiri, John Ouma na Charles King mwaka 1996. Saa nne hadi saa nane, mchana kwa mkojo, usiku kwa damu: ratiba ya mtafiti wa Kwale ilipangwa na minyoo.

Ng'ambo ya maji, Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 ilifanyika kazi dhidi ya matende ambayo hata mtoto angeielewa. Watafiti walimimina punje nyepesi za plastiki ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zikaelea na kufunika maji, na viluwiluwi vya mbu vikakosa hewa. Watu nao walipopewa dawa, minyoo katika damu walipungua mno. Jaribio hilo unaweza kulionyesha kwa ndoo moja ya maji.

Kenya ilianza kugawa dawa za matende kwa umma mwaka 2002 Kilifi, na Kwale ikafuata. Awamu kadhaa zilirukwa, lakini utafiti wa Sammy Njenga na wenzake uliotoka 2011 ulionyesha kwamba maambukizi yaliendelea kushuka, vyandarua vya malaria vikisaidia. Kikaja pia kipimo cha kadi, kinachotambua mnyoo hata mchana. Mtafiti akapumzika, na haja ya kukutana na wanakijiji usiku ikapungua.

Ulaya, tangu 2005, watafiti wana usiku wao kila Septemba wa kufungua milango na kuonyesha kazi zao kwa mtu yeyote. Sisi tulikuwa na sababu nzito zaidi ya kukutana gizani, na tumeiacha ipite. Idara ya afya ya Kaunti ya Kwale na taasisi zinazofanya utafiti Msambweni ziandae jioni moja Munje, baada ya sala ya isha: hadubini, ndoo ya viluwiluwi, chandarua, na matokeo ya tafiti zote yakielezwa kwa Kiswahili na Kidigo. Damu iliyotolewa ni ya watu wa Kwale, na majibu yake ni haki yao.