Ukame Nchini Kenya: Tahadhari na Matayarisho

Ukame ni balaa lirudilo mara kwa mara katika nchi kavu na nusu-kavu za Kenya, ambazo ni takriban asilimia 80 ya ardhi yote, nazo zimo katika kaunti 23, tangu Turkana na Mandera huko kaskazini hata Kilifi na Kwale pwani.

Sababu

Mvua za vuli aghalabu hupungua maji ya Pasifiki yapoapo kupita kawaida, hali iitwayo La Niña. Kuanzia vuli ya 2020 hadi ile ya 2022 misimu mitano ilikosa mvua za kutosha, mmoja baada ya mwingine.

Tahadhari

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011 na kupewa sheria yake 2016, hutoa taarifa za kila mwezi, na sifa yake njema ni kwamba haitazami mawingu pekee. Setilaiti huonyesha ukijani wa malisho. Masafa ya kwenda kisimani huulizwa. Watoto wadogo hupimwa mzingo wa mkono kwa utepe. Na sokoni bei ya mbuzi hulinganishwa na bei ya mahindi, kwani mfugaji hununua unga kwa kuuza mnyama, na mbuzi aliyekonda ashukapo thamani ilhali mahindi yapanda, nyumba imekwisha kuingia katika dhiki kabla ya mzoga wa kwanza kuonekana. Kwa vipimo hivyo kaunti huwekwa katika daraja ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura au nafuu, na kila daraja ina wajibu wake: kutengeneza pampu za visima, kuchanja mifugo, kuinunua ingali na nyama.

Bima ya mifugo

Njia nyingine ya kujitayarisha kwa ukame ni bima ya mifugo, iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010.

Taksiri

Onyo halikukosekana, kilichokosekana ni fedha kwa wakati wake. Dalili za ukame wa 2011 zilitangazwa tangu nusu ya pili ya 2010, lakini serikali haikuutangaza kuwa janga la kitaifa ila tarehe 30 Mei 2011, wafugaji wengi wakiwa wamekwisha kupoteza mifugo yao. Mpango uliofuata uliazimia kukomesha dharura za ukame ifikapo 2022. Tarehe 8 Septemba 2021 ukame ukatangazwa tena kuwa janga la kitaifa.