Vazi la Kufuma kwa Mkono: Kauli Inayoanza na Kitanzi

Kufuma, kwa maana itakayotumika hapa, ni kutengeneza nguo kwa kuvuta uzi na kuupitisha ndani ya vitanzi vyake wenyewe. Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno jipya kazi hii ilipofika kwetu. Kitenzi kilichokuwa cha mfumi wa vitambaa kiliongezewa sindano mbili za sweta, kisha kulabu ya kufumia vitambaa vya makochi, na hadi leo mtu akisema "nafuma" inabidi umtazame mikononi ujue anafanya nini. Tofauti yenyewe si ndogo. Kitambaa cha mfumi kina nyuzi za aina mbili, mtande ulionyooshwa na mshindio unaoukatiza. Sweta haina mtande wala mshindio. Ni uzi mmoja uliojikunja, ukapita ndani ya mkunjo wake, ukajikunja tena, mara maelfu, mpaka ukawa kifua, mkono au kofia.

Kwa sababu hiyo nguo ya kufuma hunyumbuka. Kitanzi kikivutwa hupanuka upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, kikiachwa hurudi. Ndiyo maana soksi hushika mguu bila kamba, na kofia hukaa kichwani bila kufungwa. Kwa sababu hiyohiyo nguo hii hufumuka: ukipata ncha ya mwisho na kuivuta, safu moja huifuata nyingine mpaka unabaki na bonge la uzi. Kufumua ni neno la sweta na ni neno la nywele zilizosukwa, na undugu huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana.

Sura mbili za kitanzi

Kitanzi kina sura mbili tu. Ukivuta uzi kutoka nyuma kuja mbele, hutokea alama kama herufi V. Ukiuvuta kutoka mbele kwenda nyuma, hutokea kinundu kilicholala kama mwezi mwandamo. Mengine yote ni mpangilio. V na vinundu vikipangwa kwa zamu, kila kimoja juu ya mwenzake, hupatikana mistari kama mbavu, ile inayobana kiunoni na mwisho wa mikono ya sweta. Vitanzi vikibadilishana nafasi kabla ya kufumwa, hutokea misokoto kama ya kamba. Uzi ukizungushwa kwenye sindano bila kupita ndani ya kitanzi chochote, hubaki tundu, na matundu yakipangwa kwa hesabu huwa maua.

Kuna jambo jingine lisiloandikwa kwenye ruwaza yoyote. Wape watu wawili uzi mmoja, sindano za unene mmoja na vitanzi 40 kila mtu. Vipande vyao havitalingana upana. Mmoja hukaza uzi, mwingine huuachia, na yuleyule mmoja hukaza zaidi siku akiwa na haraka. Ndiyo sababu vitabu vya kufuma humwagiza msomaji kwanza afume kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 na kuhesabu vitanzi vyake, kabla hajathubutu kuanza sweta. Mkazo wa uzi ni kama mwandiko. Hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya vazi la mkono, na ndiyo pekee inayotoka bila mfumaji kukusudia. Kauli nyingine zote, za rangi, ruwaza na namna ya kuvaa, zinahitaji mtu wa pili anayejua kuzisoma.

Kutoka Misri

Misri imehifadhi soksi za karne ya 3 hadi ya 5 zilizogawanywa sehemu ya kidole gumba ili zivaliwe na ndara. Ukizitazama utaapa kwamba zimefumwa, lakini zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, na uzi wote ukapitishwa katika kila kitanzi kama anayeshona. Kazi ya sindano mbili au zaidi, inayovuta kitanzi tu na kuuacha uzi uliobaki kwenye bonge, huonekana katika vipande vya pamba vya buluu na vyeupe vya Misri ya Kiislamu, takriban karne ya 11 hadi ya 14. Baadhi vina maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi. Huko Hispania, katika makaburi ya kifalme ya Las Huelgas mjini Burgos, uligunduliwa mto wa hariri uliofumwa ambao mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, alizikwa nao. Ukingoni mwake limeandikwa neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: baraka. Mwanamfalme Mkristo alilazwa juu ya kazi inayodhaniwa kuwa ya mikono ya mafundi Waislamu.

Mwaka 1589 mchungaji wa Kiingereza, William Lee wa Calverton karibu na Nottingham, alibuni mashine ya kufuma soksi. Serikali ya Malkia Elizabeth I haikumpa hataza, naye akahamia Ufaransa na kufia huko. Mashine yake haikufa. Polepole, kwa muda wa karne tatu na zaidi, kufuma kwa mkono kukaacha kuwa njia pekee ya kupata soksi na kuwa jambo ambalo mtu analichagua. Hapo ndipo swali la kujieleza linapoanza kuwa na uzito, kwa sababu anayefuma sweta leo angeweza kuinunua.

Kofia zinazosomeka

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Taquile, kisiwa kidogo upande wa Peru wa ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huzungumza Kikechua. Wanawake hufuma vitambaa kwa mtande na mshindio; wanaume hufuma kwa sindano. Mvulana hujifunza akiwa bado mdogo, na ukikutana na mwanamume njiani mara nyingi sindano zinacheza vidoleni huku miguu ikipanda mlima. Wakamba na Wakikuyu hawatashangaa, kwani mama anayesuka kiondo huku akitembea na mzigo mgongoni ni picha ya kawaida kwao.

Kinachofumwa zaidi ni chullo, kofia ndefu yenye ncha inayoanguka upande. Kofia ya mume wa mtu ni nyekundu yote, yenye mistari ya ruwaza iliyoizunguka. Kofia ya asiyeoa ina sehemu nyeupe juu. Namna ncha inavyolazwa nayo ina maana yake. Kwa hiyo mgeni haoni ila kofia nyekundu nyingi sokoni, wakati binti wa kisiwani ameshajua nani ana nafasi na nani hana. Wenyeji huwasimulia wageni kwamba baba mkwe huijaza maji kofia ya mchumba, na ikivuja kijana atafute mahali pengine. Hata kama hadithi hiyo imeongezwa chumvi kwa ajili ya watalii, imejengwa juu ya jambo la kweli: kofia iliyofumwa kwa sindano nyembamba na mkono uliokaza ni cheti cha subira. Mke naye humfumia mume mshipi, na husemwa kwamba katika mshipi wa harusi huchanganya nywele zake mwenyewe. Mipana zaidi kati ya mishipi hiyo hubeba kalenda ya kilimo na ibada, picha moja kwa kila wakati wa mwaka.

UNESCO ilitangaza sanaa ya nguo ya Taquile kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Linalonivutia mimi ni jinsi uhuru wa mfumaji ulivyo mdogo. Hachagui rangi ya kofia yake. Ndoa ndiyo inayomchagulia. Anachobaki nacho ni ubora wa kazi, mpangilio wa vijipicha ndani ya mistari, na pembe ya ile ncha. Ndani ya nafasi hiyo finyu wanaume wa Taquile hujulikana mmoja mmoja, kwa sababu kila anayewatazama anajua kanuni na kwa hiyo anaona mahali kanuni inapopindwa.

Kinyume chake ni sweta ya Aran, visiwa vya magharibi mwa Ireland. Ni nyeupe ya maziwa, nzito, imejaa misokoto na vigae vya pembe nne, na kila duka la watalii litakueleza kwamba kila ukoo ulikuwa na ruwaza yake ili mvuvi aliyezama atambulike. Hilo halikuwepo. Mbegu yake ni tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, ya mwaka 1904, ambamo maiti hutambuliwa kwa vitanzi vilivyoachwa kwenye soksi, yaani kwa kosa la mkono wa mfumaji. Baadaye Heinz Kiewe, mfanyabiashara wa nyuzi wa Oxford, akaipa misokoto hiyo maana za kale na za kidini. Sweta yenyewe, kwa sura tunayoijua, ni ya karne ya 20, na kina mama wa visiwani waliifuma ili wapate fedha. Sioni aibu kwao. Ila hapa vazi lilitungiwa maneno baada ya kufika dukani, na Synge, aliyeandika kwa kubuni, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli: kinachomtambulisha mtu ni mkono.

Kuna wakati wasomaji wa vazi ni maadui. Norway ilipokuwa chini ya Wajerumani, watu walivaa kofia nyekundu za kufuma kuonyesha kwamba hawakubali, na kofia ya kawaida ya baridi ikawa hatari kiasi kwamba Februari 1942 ilipigwa marufuku.

Kwetu

Afrika Mashariki ina nyanda ambako sweta si pambo: Limuru, Njombe, Mbeya, Lushoto mwezi wa Julai. Sweta inayosomwa na watu wengi zaidi huko ni ya shule, na nyingi hutoka kwenye mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono. Rangi yake na milia ya shingoni hutaja shule kwa sauti ambayo mji mzima unaisikia, kama ile nyekundu ya Taquile. Mwanafunzi naye hutafuta pembe ya ncha yake. Huifunga kiunoni, huvuta mikono mpaka ifunike vidole, huikunja mpaka viwikoni. Walimu wa nidhamu hupambana na mambo hayo kwa bidii, na wanajua vizuri wanachopambana nacho.

Sweta ya mkono hasa imebaki kwa watoto wachanga. Kofia, soksi na kisweta cha mtoto hufumwa na bibi au shangazi kabla kichwa cha kuvalia hakijaonekana. Uzi unaouzwa sana ni wa akriliki. Anayetaka kujua kama ameuziwa sufu ya kweli huchoma ncha: akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, sufu hunuka kama nywele zinazoungua. Harufu haidanganyi, maana sufu na nywele zimejengwa kwa protini ileile, keratini.

Na nywele ndizo vazi la kufuma linalovaliwa na wengi zaidi kwetu, ingawa hakuna anayeliita hivyo. Uzi wa akriliki wa sweta hununuliwa pia kwa ajili ya kusukia nywele. Katika mtindo unaoitwa krosheti, msusi husuka kwanza mistari ya kulala kichwani, kisha hupitisha kulabu yenye kilimi kidogo kinachofunguka na kufunga, akavuta nywele za bandia na kuzifanyia kitanzi. Kulabu hiyo hufanya kazi kama sindano yenye kilimi iliyobuniwa Leicester, Uingereza, katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mashine za kufuma soksi. Imetoka kiwandani ikaishia saluni. Huko nako mitindo ina majina na wasomaji. Twende kilioni, mistari iliyonyooka kwenda kisogoni, husukwa haraka kwa siku isiyo na nafasi ya madoido, na jina lake lenyewe hueleza haraka hiyo ni ya nini.

Wiki kadhaa baadaye hufumuliwa. Nywele hutoka na mawimbi, kama uzi wa sufu uliotolewa kwenye sweta kuukuu, ambao hukumbuka kila kitanzi ulichokuwa nacho. Anayetaka kuufuma upya huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, huufunga sehemu nne usichanganyike, huuosha kwa maji ya vuguvugu, kisha huutundika ukiwa umefungiwa kitu kizito kwa chini mpaka ukauke ukiwa umenyooka.