Ligi ya pool: Kwa nini timu huwekewa kikomo cha viwango vya wachezaji

Msikilizaji wetu, tukipita Jangwani jioni, kutoka mtaa wa Twiga yalipo makao makuu ya Yanga kuelekea Msimbazi kwa watani wao Simba, hatukosi kukuta meza ya pool imezungukwa na vijana. Bila shaka na kijijini kwako ipo, kwenye glosari au chini ya turubai. Kwenye meza hizo sheria ni moja: mshindi anabaki, aliyeshindwa anampisha mwingine.

Sheria hiyo inafaa kwa mchezo wa kupitisha muda, lakini ikipelekwa kwenye ligi ya timu inazaa tatizo. Mtaa wenye mafundi watano unawakusanya pamoja na kuchukua kila zawadi. Mafundi wanacheza kila wiki, wanaojifunza wanakaa benchi, na baada ya muda timu nyingine hazileti hata mchango wa ushiriki. Ligi inakufa. Wasikilizaji wengi wametuuliza kama kuna dawa. Ipo, na inaitwa kikomo cha viwango.

Kikomo ni nini?

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Marekani, kwenye ligi ya watu wa kawaida inayosimamiwa na American Poolplayers Association, kwa kifupi APA. Kwenye mchezo wa mipira 15 ambao mweusi namba 8 huingizwa mwisho, kila mchezaji hupewa namba ya kiwango kuanzia 2 hadi 7. Anayejifunza ni 2, fundi kabisa ni 7.

Namba hiyo ina kazi mbili. Kwanza, husawazisha wawili wanaokutana mezani. Mwenye 7 akikutana na mwenye 2, fundi anatakiwa ashinde michezo 7 na mwenzake 2 tu. Atakayefikisha idadi yake kwanza ndiye mshindi.

Pili, namba huwekea timu kikomo. Timu inaweza kusajili hadi wachezaji 8, lakini siku ya mechi wanacheza watano, na jumla ya viwango vyao isizidi 23. Hata wenye viwango vya juu kabisa, yaani 6 na 7, hawaruhusiwi kuzidi wawili katika mechi moja.

Tupige hesabu

Chukulia timu ya Kariakoo ina wachezaji wanane: muuza vitenge 7, fundi simu 6, kinyozi 5, wabeba mizigo wawili wenye 4 kila mmoja, bodaboda na mama lishe wenye 3 kila mmoja, na mwanafunzi wa veta mwenye 2.

Nahodha akiwapanga watano bora anapata 7+6+5+4+4, jumla 26. Hairuhusiwi. Akitaka mafundi wake wote watatu wacheze, yaani 7, 6 na 5, ameshatumia 18. Zimebaki 5 kwa watu wawili, kwa hiyo lazima mmoja awe mwenye 3 na mwingine awe yule mwanafunzi wa 2. Mwanafunzi asipofika siku hiyo, akiwaweka bodaboda na mama lishe jumla inakuwa 24, na mpango umevunjika.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kanuni hii. Yule mwanafunzi ambaye zamani alikuwa akitumwa maji, leo nahodha anampigia simu mapema kuuliza kama anakuja. Atafundishwa, maana timu inamhitaji.

Malalamiko mawili

La kwanza ni la mafundi: kikomo kinaadhibu juhudi. Wachezaji watano wakipanda wote hadi kiwango cha 5, jumla inakuwa 25 na hawawezi tena kucheza pamoja. Marafiki wanalazimika kugawana timu. Lalamiko hili ni la kweli, na halina jibu tamu. Faida yake ni kwamba aliyeondoka anakwenda kuanzisha timu mpya, na ligi inakua.

La pili ni udanganyifu. Tunawajua vijeba wa mashindano ya shule, wanaopunguza umri ili wacheze na watoto. Kwenye pool kijeba hupunguza kiwango: anakosa kusudi mpira ulio mdomoni mwa shimo ili abaki na namba ndogo. Ndiyo maana ligi za aina hiyo huandika zaidi ya nani kashinda. Huhesabu zamu zilizotumika na kuandika mipigo ambayo mchezaji hakukusudia kuingiza mpira.

Tukumbuke pia kwamba kikomo si cha kila mashindano. Mashindano ya taifa ya pool yaliyodhaminiwa na Safari Lager yalitafuta bingwa, na bingwa hutafutwa kwa kuwakutanisha walio bora. Kikomo ni cha ligi ya mtaani, ambayo shabaha yake ni watu wengi wacheze.

Ukitaka kuanza kwenu

Huhitaji kompyuta. Daftari linatosha.

1. Wekeni viwango vitatu: fundi 3, wa kati 2, anayejifunza 1.
2. Wachezaji watano wa siku wasizidi jumla ya 10. Kwa mfano 3+3+2+1+1.
3. Manahodha wote wapange viwango pamoja, mbele ya watu. Nahodha asipange vya timu yake peke yake.
4. Daftari alishike mtu asiyecheza, na viwango vipitiwe kila mwezi.
5. Kubalianeni kabla ya mechi ya kwanza adhabu ya timu itakayozidisha.
6. Chezeni jioni, baada ya kazi. Viongozi wa serikali wamekuwa wakali kwa wanaocheza pool saa za kazi.

Msisahau kuandika kila mechi siku ileile. Mabishano mengi ya ligi huanzia kwenye matokeo yaliyohifadhiwa kichwani.