Chemko
Chemko ni sehemu ya pili, ya kasi, katika wimbo wa muziki wa dansi wa Tanzania. Sehemu ya kwanza huenda polepole: mwimbaji anasimulia kisa, magitaa yanamjibu. Maneno yakiisha, mwendo huchangamka. Mpiga gitaa la solo hushika kifungu kifupi na kukirudiarudia, akibadili noti moja au mbili, huku rithimu, besi na ngoma zikimsukuma. Wengi hupima ufundi kwa wepesi wa vidole, kipimo dhaifu: noti zikijazana bila pumzi, mchezaji hukosa pa kuweka mguu. Mbaraka Mwinshehe (1944–1979), wa bendi ya Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alipiga solo na kuimba mwenyewe, na gitaa lake likazungumza kama sauti yake. Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, ilijiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, watu wa Kisarawe na Kibaha. Jina hilo linaunganisha dansi na ngoma ya jadi. Muziki wa singeli wa leo una kasi kuliko chemko lolote, ila kwa kawaida hauna gitaa.