Nakala ya Nakala: Mashabiki wa Grateful Dead na Kanda Zao

Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunafahamu fika kwamba utendaji ukishapita umepita, isipokuwa alikuwapo mtu mwenye kinasa sauti. Makala haya yanahusu watu wa namna hiyo huko Marekani, ambao hawakuwa wasomi wala watafiti bali mashabiki wa muziki wa roki.

Bendi ya Grateful Dead iliundwa California mwaka 1965 ikadumu hadi 1995, alipofariki mpiga gitaa wake Jerry Garcia. Ilifanya maonyesho zaidi ya 2,300, na haikupiga maonyesho mawili yanayofanana. Wimbo wa dakika saba leo uliweza kesho kurefuka mara tatu. Kwa hiyo santuri ya dukani haikumtosheleza shabiki. Alitaka usiku ule hasa.

Mwanzoni vinasa sauti viliingizwa ukumbini kwa kificho. Kufikia 1974 wakusanyaji walikuwa wengi kiasi cha kuanzishiwa jarida lao, Dead Relix. Mwiko wao mkuu ulikuwa mmoja: kanda haiuzwi. Asiye na cha kubadilishana alituma kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, naye mwenzake, pengine asiyemjua kwa sura, alikaa saa tatu akimnakilia onyesho la saa tatu. Kila nakala iliongeza mvumo, hivyo wakusanyaji waliandika nasaba ya kanda: nani alirekodi, na hii ni nakala ya ngapi. Mhakiki wa miswada ya tenzi angewaelewa mara moja.

Bendi haikuwazuia. Garcia alishikilia kwamba wakishamaliza kupiga, muziki ni wa wasikilizaji. Ila msitu wa maikrofoni ulianza kuwaziba watazamaji wengine, na mnamo Oktoba 1984 warekodi wakatengewa sehemu yao, nyuma ya mitambo ya sauti, kwa tiketi maalumu.

Kisa cha Betty Cantor-Jackson kinafaa kukumbukwa. Fundi sauti huyu alirekodi maonyesho mengi ya bendi, likiwamo la Chuo Kikuu cha Cornell la tarehe 8 Mei 1977. Aliposhindwa kulipia ghala alimohifadhi kanda zake, zilipigwa mnada mwaka 1986. Bendi haikuzinunua. Waliozipata waliruhusu zinakiliwe, na mashabiki wakazisambaza. Onyesho la Cornell liliingizwa na Maktaba ya Kongresi katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa ya mwaka 2011, miaka sita kabla bendi yenyewe haijalitoa rasmi mwaka 2017!

Kumbe ukarimu nao una mipaka. Intaneti iliondoa stempu na mvumo pia, na maelfu ya maonyesho yakawekwa katika hifadhi ya Internet Archive, bure. Mwishoni mwa Novemba 2005 upakuaji ulisitishwa kwa ombi la upande wa bendi, ambao sasa ulikuwa ukiuza rekodi zake mtandaoni. Mashabiki waliwaka, wakatishia kususia bidhaa zake. Hata ndani ya bendi palikuwa na mgawanyiko. Kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kulalamika, kwani wao ndio waliozitunza rekodi hizo zilipokuwa hazina bei. Baada ya siku chache ulifikiwa mwafaka: zilizorekodiwa na mashabiki ukumbini zikaruhusiwa tena kupakuliwa, zilizotoka katika mitambo ya bendi zikabaki za kusikilizwa tu.